macOS kwenye EliteBook 840 G3: miezi minane na laptop isiyotaka kulala

Nilishuka daladala Mbezi Jumamosi moja jioni nikiwa na joto mgongoni, na jua lilishazama. Nikafungua begi. Laptop imo, imefunikwa vizuri tu, ila feni inavuma kama imepewa kazi ya kusukuma maji. Wakati naifunika kanisani betri ilikuwa asilimia 88, na sasa inasoma 31. Saa moja na dakika arobaini ndani ya begi, haikulala hata lepe.

Hiyo ndiyo hackintosh yangu, yaani kompyuta isiyo ya Apple iliyowekewa macOS, mfumo wa Apple, mwezi wa kwanza. Leo ni mwezi wa nane na naweza kuisema vizuri kidogo, lakini nimeona niandike habari ya umeme peke yake, maana ndiyo iliyokula usiku zangu. Mambo ya sauti, Wi-Fi na skrini yalikaa sawa ndani ya siku mbili.

Mashine ni HP EliteBook 840 G3, zile za maofisini zinazokuja kwa makontena na kujaa Kariakoo. Prosesa i5-6300U, kizazi cha Skylake, RAM GB 16, betri moja ya Wh 46. Nilitoa laki nne na nusu. Kwa kazi yake ya asili ni mashine ngumu na sina neno nayo. Haya nitakayoyasimulia ni mimi niliyeilazimisha kuvaa nguo ya mwenzake.

Kwa nini nisibaki na Windows? Narekodi kwaya. Jamaa anayenimalizia kazi za kuchanganya sauti yuko kwenye Logic Pro, programu ya Apple ya kurekodi na kuchanganya muziki, tangu zamani, na Logic haipo kwa Windows. Ilikuwepo, mpaka Apple walipoinunua Emagic mwaka 2002 na toleo la Windows likafia hapo. Nikitaka kumpelekea mradi mzima badala ya mafungu ya faili za sauti za WAV, sina budi niwe na macOS. Na niseme mapema: mkataba wa matumizi wa Apple unaruhusu macOS kwenye kompyuta za Apple tu. Ukifanya nilichofanya uko nje ya mkataba, na ikikugomea hakuna wa kumpigia simu.

Kosa langu lilianza kabla hata sijaiwasha. OpenCore, programu inayoiwasha macOS kwenye mashine ya kabila lingine, huweka kila kitu kwenye folda moja iitwayo EFI, na moyo wake ni faili la config.plist. Njia ya watu wazima ni kuijenga folda hiyo mwenyewe hatua kwa hatua ukifuata mwongozo wa Dortania, kundi linaloandika miongozo ya hackintosh mtandaoni. Mimi nikabeba folda ya mtu mwingine mwenye laptop inayofanana na yangu. Ikawaka mara ya kwanza, macOS Monterey, yaani toleo la 12, hiyo hapo, nikajiona fundi.

Kisha nikatazama pale juu kulia. Alama ya betri ina X katikati.

Laptop ya Apple ina chipu ndogo, SMC, ambayo macOS huiuliza habari za betri, joto na feni. Mashine nyingine hazina. Ndiyo maana kuna VirtualSMC, draiva inayojifanya chipu hiyo, pamoja na mwenzake SMCBatteryManager anayekwenda kusoma betri halisi. Mimi zote mbili nilikuwa nazo na bado X haiondoki. Sababu niliipata baada ya kusoma sana: namba za betri hutoka kwenye kidhibiti kidogo kilicho ndani ya laptop, na draiva ya Apple inayoongea na kidhibiti hicho husoma biti 8 tu kwa mkupuo. Watengenezaji wengine huandika namba za biti 16 na zaidi, basi macOS inaona ukungu. Zamani watu walikaa na kupasua namba hizo mojamoja kwa mkono ndani ya faili za ACPI, zile zinazoueleza mfumo vifaa vya mashine, kazi ya kukutoa machozi. Siku hizi unaongeza kijidraiva kimoja tu, ECEnabler. Nikakiweka, nikawasha upya, asilimia ikatokea.

Ikatokea na habari mbaya vilevile. "Kaka, betri hii mpya kabisa," nilikuwa nimeambiwa dukani. macOS ikanionyesha uwezo wa mAh 3,240 kwenye betri iliyozaliwa na 4,080 hivi. Mpya ya nani, sijui. Ila nilishukuru kuijua namba hiyo mapema, kwa sababu kila kipimo nilichofanya baadaye nilikijua kinatoka kwenye betri yenye robo tatu na ushee ya nguvu zake. Mtu asiyejua hilo atailaumu macOS bure.

Likafuata suala la prosesa. Mashine ilikuwa na joto hata nikiandika barua pepe, na niliposikia kwamba bila faili la SSDT-PLUG, nalo ni la ACPI, prosesa hukwama kwenye kasi moja, nikalivaa hilo. Jioni nzima. Nalitengeneza, nalipakia, nawasha upya, napima, hakuna kinachobadilika. Baadaye sana ndiyo nikagundua kwamba kuanzia Monterey 12.3 Apple wenyewe waliondoa ule ukaguzi uliolifanya faili hilo liwe lazima. Nilikuwa natibu ugonjwa ambao toleo langu halina!

Ugonjwa wenyewe ulikuwa kwenye ile folda ya kuazima. Mwenye nayo aliitambulisha mashine yake kwa macOS kama iMac17,1. Yaani laptop yangu ya wati 15 ilikuwa ikijitangaza kuwa kompyuta ya mezani, na macOS huchagua namna ya kupandisha na kushusha kasi ya prosesa kulingana na jina hilo. Nikalibadilisha kuwa MacBookPro13,1, laptop ya 2016 yenye prosesa ya Skylake ya wati 15, ndugu kabisa wa hii yangu. Tofauti niliisikia kwa masikio kabla ya kuipima: feni ikanyamaza. Kwenye Intel Power Gadget, programu ya kupima umeme wa prosesa (Intel wameshaiacha, lakini toleo la zamani bado linafanya kazi) prosesa ikiwa haina kazi ilishuka kutoka karibu wati 5 hadi chini ya 2. Ukibadilisha jina hilo, tengeneza na namba mpya ya utambulisho, usiendelee na ya iMac.

Kuna na CPUFriend, kijidraiva kinachokuruhusu kushusha kasi ya chini kabisa kutoka megahezi 1300 hadi 800. Nimeiweka, ipo. Ukiniuliza imeniongezea nini, nitakuambia dakika kumi, labda, na hizo kumi zenyewe siwezi kuziapia.

Sasa tuje kwenye usingizi.

Nilipofunika mfuniko, skrini ilizimika, taa ikaanza kupepesa taratibu kama inavyotakiwa, na baada ya sekunde tatu au nne feni ikarudi. Skrini giza, mashine macho. Ukiitazama kwa nje utaapa imelala. Nikaingia Terminal, dirisha la kuandikia amri, nikaandika pmset -g assertions, amri inayokutajia nani anazuia usingizi. Ikamtaja coreaudiod, msimamizi wa sauti ndani ya macOS, na hapo nikadhani nimemkamata mwizi, kwani Logic ilikuwa wazi na kadi ya sauti imechomekwa. Coreaudiod kweli huzuia, lakini anazuia ule usingizi wa kuachwa bila kuguswa. Ukifunika mfuniko, hana kauli. Nikafunga Logic, nikachomoa kadi, nikafunika. Sekunde nne, feni.

Kilichonisaidia ni pmset -g log. Ni orodha ndefu ya kuchosha, kwa hiyo nikaichuja nibaki na mistari yenye neno Wake. Ukurasa mzima ulikuwa kitu kimoja kinajirudia: imelala, imeamshwa na XHC, imelala, imeamshwa na XHC, kila baada ya sekunde chache, usiku kucha. XHC ni kidhibiti cha USB. Lakini mimi sikuwa nimechomeka kitu chochote.

Hapo ndipo watu wengi hukimbilia kubandika viraka vya kuzima USB isiamshe kabisa mashine. Vipo na kwa wengine vinafanya kazi. Mimi nilivijaribu viwili pamoja, usiku, nikiwa na usingizi, na asubuhi laptop ikawa hailali wala haiamki; inaganda na skrini nyeusi mpaka ushikilie kitufe cha kuwashia. Na kwa kuwa nilibadilisha vitu viwili kwa mpigo sikujua nimlaumu nani. Nikarudisha nakala ya folda niliyokuwa nayo kwenye flashi. Tangu siku ile kila badiliko moja lina nakala yake na tarehe yake, na flashi hiyo haitoki kwenye begi.

Jibu lilikuwa kitu ambacho hata hakionekani. Bluetooth ya laptop hii imeungwa ndani kwa ndani kupitia USB, sawa na kamera. macOS inakubali poti 15 tu kwa kila kidhibiti cha USB, na mashine za aina hii hutangaza zaidi, kwa hiyo ni lazima uandike ramani: poti zipi zibaki, na kila moja ni ya aina gani. Ya nje ya USB 3 huandikwa 3. Iliyo ndani, ambayo hakuna mkono utakaoichomoa, huandikwa 255. Kwenye ramani niliyoirithi, poti ya Bluetooth ilikuwa imeandikwa 3. Basi kila mashine ilipotaka kulala, macOS iliichukulia Bluetooth kama kifaa kilichochomekwa kwa nje, kinaondoka, kinarudi, kinaamsha nyumba nzima.

Nikafungua USBToolBox, programu ya kuandika ramani hiyo, upande wa Windows, nikapita na flashi tundu kwa tundu, moja baada ya nyingine, nikaandika ramani yangu mwenyewe. Bluetooth 255, kamera 255. Kazi ya dakika ishirini na tano. Nikafunika mfuniko, nikakaa nikiitazama ile taa inapepesa. Sekunde nne. Kumi. Dakika. Nikaenda kula, nikarudi, bado inapepesa. Sijawahi kufurahia taa ndogo kiasi kile.

Sasa nikiilaza saa nne usiku na betri 90, saa moja asubuhi naikuta 81 au 82. Asilimia moja kwa saa, kwa betri mzee kama hii, sidai zaidi.

Kuhusu kuhifadhi kumbukumbu kwenye diski wakati wa kulala, nimeizima kwa sudo pmset -a hibernatemode 0 na sijaangalia nyuma. Kawaida ya laptop za Apple ni 3, yaani RAM inaendelea kupewa umeme na nakala inaandikwa diskini. Kwenye hackintosh ile nakala ni mlango wa matatizo mengine, na HibernationFixup, kijidraiva cha kuyarekebisha, ipo kwa wanaoitaka. Gharama ya 0 uijue: betri ikiisha mashine ikiwa imelala, ulichokuwa hujahifadhi kimekwenda. Nimezima na powernap, kwa sababu sina haja laptop iamke usiku kuangalia barua.

Muda ninaopata: kuandika na kuperuzi, saa nne na robo hivi. Nikirekodi kwa Logic, kadi ya sauti ikila umeme wa laptop hiyohiyo, saa mbili na dakika arobaini. Upande wa Windows, mashine hii hii, kuandika napata karibu saa nne na nusu, kwa hiyo pengo limebaki dogo kuliko nilivyotegemea nilipoanza.

Yaliyonishinda yapo. Nikiiamsha huku hedifoni zimechomekwa, sauti hutoka na mkwaruzo mpaka nichomoe na kuchomeka tena. Makadirio ya muda uliobaki hurukaruka, nayapuuza, natazama asilimia. Chini ya 10 betri huanguka ghafla, ila hilo ni la uzee wake.

Ningemshauri mtu anunue mashine ili aifanye hivi leo? Hapana. MacBookPro13,1 yenyewe iliishia Monterey, toleo ambalo halipati tena masasisho ya usalama, na Apple wameshatangaza kwamba macOS 26 Tahoe ndiyo ya mwisho kwa prosesa za Intel. Kama laptop unayo tayari na una sababu kama yangu, haya, ila jenga folda yako mwenyewe. Mimi yangu ya benki na barua nayafanya upande wa Windows, huku nabaki na Logic tu.

Jumapili iliyopita tulikuwa tunarekodi wimbo wa tatu, umeme ukakatika katikati ya ubeti. Kinanda kikafa, spika zikafa, taa zikazimika. Waimbaji hawakusimama, na mimi nikanyoosha mkono kumwashiria mwalimu wa kwaya kwamba huku bado inaenda. Asilimia 64. Ukisikiliza rekodi hiyo kinanda kinapotea ghafla kama kimemezwa, halafu zinabaki sauti peke yake mpaka mwisho. Nilitaka turudie umeme uliporudi. Mwalimu akasikiliza mara mbili, akasema, "Acha hivyohivyo, mwanangu."