Misimu miwili ya kipupwe na hita ya mafuta, Uyole, Mbeya

Nilinunua hita hii ya umeme, yenye mafuta ndani, Juni ya mwaka juzi, wiki ileile mama alipohamia kwangu kutoka Makete. Watu husema wa Makete wamezoea baridi, na kweli mama amekulia jirani na Kitulo, ambako kipupwe kikikolea viazi huungua kwa sakitu shambani. Lakini mwili wa miaka sabini na tatu si ule wa ishirini. Magoti yalimkaza, vidole vikawa havishiki kikombe, na usiku nilimsikia akijigeuza kitandani akitafuta sehemu yenye joto. Nilitundika kipimajoto ukutani mwa chumba chake. Saa tatu usiku kilisoma nyuzi 12. Shirika la Afya Duniani linataja nyuzi 18 kuwa kiwango salama cha ndani ya nyumba majira ya baridi, kwa hiyo mama alikuwa analala nyuzi sita chini yake, na alfajiri ilikuwa bado haijafika.

Nianze na tulichokuwa tunafanya kabla, maana najua nyumba nyingi hapa Mbeya bado zinafanya. Tulikuwa tunaingiza jiko la mkaa chumbani. Ndivyo tulivyolelewa, kuota moto. Tofauti ni kwamba kule kijijini moto ulikuwa jikoni, nyumba ya nyasi inayopumua, na hakuna aliyefunga mlango akalala nao. Chumba cha mama kwangu ni cha tofali za kuchoma, kina dirisha la alumini linalofunga sawasawa. Usiku mmoja niliamka kichwa kinagonga, nikaenda kumwangalia, nikamkuta amekaa kitandani anataka kutapika na miguu haimbebi. Nilifungua dirisha na mlango, nikamtoa sebuleni, nikakaa naye hadi kukakucha. Mkaa ulioshika vizuri hautoi moshi, ndiyo maana tunauamini. Unatoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, ambayo hushikamana na damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Aliyelala haamshwi na kitu. Jiko halijarudi chumbani tangu siku hiyo, na kama kuna mtu anasoma hapa huku limewaka karibu na kitanda, naomba alitoe nje kwanza.

Basi nikaenda soko la Mwanjelwa. Muuzaji akanionyesha hita ya mbavu tisa, ya wati 1500, shilingi 180,000. Akaniambia, "Dada, hii ni ya mafuta, umeme inanusa tu." Si kweli. Mafuta yaliyomo hayaungui wala hayaongezwi. Kazi yake ni kupokea joto la umeme na kulitunza. Wati 1500 ni wati 1500: ikiwaka saa moja mfululizo imekula uniti moja na nusu, iwe ya mafuta au ya feni. Faida yake iko kwingine. Haina kelele, haina waya mwekundu unaoonekana, na umeme ukikatika inaendelea kutoa vuguvugu karibu nusu saa. Kwa chumba cha mzee anayelala, napenda hivyo.

Ila msimu wa kwanza ilinivunja moyo. Chumba hakikuwa na dari, juu ni bati tupu. Niliwasha saa mbili nzima na kipimajoto kikapanda kutoka 12 hadi 14 tu. Ukisimama juu ya stuli unasikia joto usoni; ukikaa kitandani hulioni. Hewa ya moto hupanda, ikigusa bati lenye baridi inapoa, na lile joto ulilolilipia linaishia kwa ndege. Nilikuwa napasha paa la nyumba.

LUKU, mita ya umeme wa kulipia kabla, nayo ikaanza kusema. Nilizoea kununua umeme wa shilingi elfu nane, napata uniti kama 65, unanifikisha mwisho wa mwezi. Hiyo ni bei ya watumiaji wadogo, wasiozidi uniti 75 kwa mwezi. Hita ikanivusha 75 kabla ya nusu ya mwezi, na huko juu elfu kumi ilinipa uniti 28 hivi. Kwa matumizi ya saa nne kila usiku, zile 28 zilikaa siku nne. Hili wauzaji hawalisemi kabisa, na kwa familia ya kawaida ndilo linalouma zaidi: hita haiongezi uniti tu, inakupandishia na bei ya uniti zote zinazofuata.

Jambo jingine la kuangalia ni waya. Wati 1500 ni kama ampea sita na nusu, na zinapita hapo kwa masaa. Nilianza na ekstensheni nyembamba ya kuchajia simu. Usiku wa pili nilipoishika ilikuwa ya moto na plagi imeanza kulainika. Fundi aliniwekea soketi ya ukutani yenye waya mnene, shilingi 25,000 pamoja na kazi yake. Chomeka hita ukutani moja kwa moja, peke yake.

Kilichobadilisha mambo ni dari. Mwaka jana mwezi wa tano niliweka dari la jipsamu kwenye chumba cha mama peke yake, nikaziba na upenyo chini ya mlango kwa kipande cha blanketi kuukuu kilichoshonwa kama soseji. Hita ileile, chumba kilekile: kutoka nyuzi 13 hadi 18 ndani ya saa moja na dakika chache. Thamostati, kile kifaa kinachozima hita joto likitosha, ikaanza kuzima yenyewe, kitu ambacho msimu wa kwanza sikukisikia hata mara moja. Sasa nawasha saa mbili usiku, nazima saa nne akishalala.

Mwezi wa saba nikaongeza blanketi la umeme, lile la kutandika chini ya shuka. Nililipata soko la Sido, la mtumba, shilingi 35,000, nikampa fundi alikague kabla ya kulitumia. Ni la wati 100. Nusu saa kabla ya kulala linakula kama asilimia tano ya uniti, na mama anaingia kwenye kitanda kilichokwisha kupata moto. Tunalizima akishapanda. Blanketi hili nalipatia alama za juu kuliko hita yenyewe. Hata hivyo silipendekezi kwa kila mtu: mtoto mdogo hapana, anayekojoa kitandani hapana, na mgonjwa wa kisukari aliyepoteza hisia miguuni anaweza kuungua bila kujua. Usilikunje likiwa linawaka, na usiku wa umeme kukatika tumia mpira wa maji ya moto, maji yasiwe ya kuchemka, ukiufunga ndani ya khanga.

Na godoro. Tulikuwa tunamrundikia mama mablanketi matatu juu, kumbe baridi ilikuwa inamjia kutoka chini, kwenye chaga zenye nafasi. Blanketi moja likahamia chini ya godoro na hakulirudisha.

Kwa hiyo hita yenyewe naipa nne kwa tano kama chumba kina dari, na mbili kama ni bati tupu. Mwenye shilingi laki na themanini na nyumba isiyo na dari, ningemwambia aanze na dari la chumba kimoja na blanketi la chini, hita ije baadaye akiihitaji. Sebule yangu bado haina dari, na sijaipeleka hita huko hata siku moja.

Leo saa kumi na mbili asubuhi kipimajoto cha mama kilisoma nyuzi 15, hita ikiwa imezimwa tangu saa nne usiku. Nilimkuta ameshaamka, anasuka ukili, vidole vinakwenda. Akaniuliza, "Mwanangu, hivi huko nje kuna baridi?"