Kichwa cha Buddha cha "miaka 1,500" kilichotoa rangi ya chai

Nilishaapa sitaandika, lakini juzi mtu kaniuliza kama maduka ya vitu vya kale kule Luoyang, China, ni ya kuaminika, damu ikanichemka upya.

Ilikuwa siku za baridi, nimetoka kutazama mapango ya Longmen, yale yenye sanamu za Buddha zilizochongwa mwambani. Ukisimama mbele ya Vairocana, sanamu kubwa ya Buddha, mita 17 za jiwe lililokamilika kuchongwa mwaka 675, akili inalegea. Pembeni kuna sanamu kibao hazina vichwa. Vingi vilikatwa vikauzwa ng'ambo karne iliyopita. Na akili yangu ikiwa imelegea hivyohivyo, nikaingia dukani.

Mama mwenye duka akanimiminia chai, akafunua gazeti: kichwa cha Buddha. Enzi ya Wei ya Kaskazini, ufalme wa China wa miaka kama 1,500 iliyopita, anasema. Pua imemeguka kidogo, udongo umeganda kwenye vifundo vya nywele. Bei akaiandika kwenye kikokotoo. Nikapunguza, akashika kifua kama nimemchoma kisu, kisha akakubali upesi mno. Hapo ndipo ningeshtuka.

Hotelini nikakipangusa kwa taulo bichi. Taulo likawa kahawia. Nikanusa: chai! Tena labda ileile niliyokunywa. Nyuma ya sikio, mistari imenyooka sambamba, kazi ya grenda kabisa. Na mimi ni mtoto wa fundi mawe, nimekulia machimboni! Tindo haiachi alama hizo.

Kesho yake nikarudi. Hakukitazama hata. Akaongea na simu yake, simu ikanitafsiria kwa sauti tamu ya kike: "Nani alikwambia uoshe?" Akaendelea kumenya mbegu za alizeti. Wateja wawili wakacheka. Hela imeshasahaulika, sauti ile bado naisikia.

Halafu nikaja kuambiwa kwamba sheria ya China hairuhusu sanamu ya kabla ya 1911 kutoka nje ya nchi. Yaani kama asingekuwa mwongo, mimi ningekamatwa uwanja wa ndege. Sasa nimshukuru? Thubutu! Nyota moja, na hiyo ni ya chai.

Ila hiyo midomo... Mzee wangu alipokipokea alikipapasa muda mrefu, kidole kikizunguka kwenye tabasamu, halafu akauliza, "Huyu fundi wao wanamlipa shilingi ngapi?" Sikuwa na jibu. Kipo sebuleni kwake mpaka leo, hataki kukitoa.

Haya, ziwe tatu, zote za fundi. Yule mama asiguse hata moja.