CMake kwenye Ubuntu, Windows na Mac: uzoefu wangu hapa Kampala

Programu yetu ya hesabu za sacco imeandikwa kwa lugha ya C++. Mimi natumia Ubuntu, mwenzangu wa Ntinda ana Mac, na wahasibu wote tunaowauzia, kuanzia hapa mjini hadi Mbarara, wako kwenye Windows. Kabla ya CMake, zana ya kuandaa ujenzi wa programu, tukiongeza faili moja ilibidi tuitaje sehemu tatu tofauti. Sasa kuna CMakeLists.txt moja tu, yaani faili ya maelekezo, na CMake inatengeneza mradi wa Visual Studio (Windows), wa Xcode (Mac) au faili za Ninja, zana nyingine ya ujenzi, kutegemea mashine uliyopo. Kukompaili, yaani kugeuza msimbo kuwa programu inayofunguka, si kazi yake, inaachiwa kompaila ya mfumo husika, kwa hiyo usitegemee kutoa toleo la Mac kama hakuna Mac karibu.

Lugha ya kuandikia hiyo CMakeLists.txt inachosha, jamani. Imekuwepo tangu mwaka 2000, na nusu ya majibu utakayoyakuta mtandaoni ni ya enzi hizo.

Kinachouma zaidi kwetu ni bando. FetchContent, sehemu ya CMake, inashusha maktaba (msimbo wa wengine tunaoutumia) kutoka intaneti, na ukifuta folda ya build, yaani ya matokeo ya ujenzi, zinafutika nazo, kisha zinaanza kushuka upya. Mimi niliziweka kwenye folda ya pembeni, nikaielekeza CMake huko kwa FETCHCONTENT_SOURCE_DIR_ ikifuatiwa na jina la maktaba kwa herufi kubwa. Tangu hapo hata mtandao ukikatika kazi inaendelea, na mwenzangu nilimpelekea maktaba zote kwa flashi.

Kwa wa Windows, angalieni jambo hili: ukijenga kwa Visual Studio, CMAKE_BUILD_TYPE, yaani mpangilio wa kuchagua aina ya toleo, haisikilizwi. Andika cmake --build build --config Release. Bila hiyo unapata toleo la Debug, la kutafutia makosa, badala ya Release la kumpa mteja; kwako linafunguka vizuri, lakini kwa mhasibu asiye na Visual Studio linadai DLL (faili za maktaba za Windows) ambazo hana. Kwa nini watengenezaji wa CMake wasitoe hata onyo kali, sijui.

Kuna ugomvi mmoja ambao CMake haiuamui. Mwenzangu akiita faili kwenye msimbo anaandika #include "Mkopo.h" wakati faili inaitwa mkopo.h. Mac yake inapita, Windows nayo hivyo hivyo, Ubuntu yangu inagoma. Tumekubaliana majina yote ya faili yawe kwa herufi ndogo.