Kuongeza nguvu gari la turbo Mwanza: nunua nini kwanza, na nini usiguse

Ziwa Victoria liko takribani mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na hesabu ya turbo ya Mwanza inaanzia hapo. Dar es Salaam mgandamizo wa hewa ni karibu psi 14.7 (psi ni kipimo cha presha), hapa Mwanza ni karibu 12.8. Turbo, feni inayozungushwa na moshi wa injini, ikisukuma bosti (presha ya ziada ya hewa) ya psi 13 pwani, injini inapata jumla ya 27.7. Ikisukuma 13 hizo hizo ukiwa Nyegezi, inapata 25.8. Ili ifike 27.7, turbo lazima isukume karibu psi 15, yaani izunguke kwa kasi zaidi na kuchemsha hewa zaidi. Kwa hiyo anayeingia dukani kuomba "bosti zaidi" anaitwisha mzigo turbo ambayo tayari inajituma kuliko mwenzake wa pwani.

Tumepanga kwa kigezo kimoja: hela yako inarudisha nguvu kiasi gani bila kuua injini. Mifano mingi ni ya Subaru Forester na Impreza za petroli. Dizeli tumezigusa pia.

Namba 1: kupima uvujaji, kisha plagi

Ndiyo bei rahisi kuliko zote, na watu wengi wanairuka. Nunua kifuniko cha bomba la maji kinachoingia kwenye mpira wa mdomo wa turbo (pima kipenyo kwanza), kitoboe katikati, funga valvu ya tairi. Vua bomba la hewa linalotoka kwenye filta, bana kifuniko hapo kwa klipu, kisha jaza upepo polepole kwa pampu ya pancha hadi psi 10. Usivuke 15, maana upepo unapenya hadi chini kwenye oili na unaweza kusukuma sili zikatoka. Pulizia maji ya sabuni kila kiungo. Kwenye Forester anza na mpira unaounganisha intakula (kipoza hewa inayotoka kwenye turbo) na throto (mlango wa hewa ya injini), halafu kingo ambapo plastiki ya intakula imebanwa kwenye alumini, halafu vimipira vyembamba vya vakyumu. Povu likichemka, umepata nguvu yako iliyopotea.

Sababu ni hii: sensa ya hewa imeshahesabu hewa yote iliyopita, kompyuta ikamwaga mafuta ya kutosha hewa hiyo, kumbe nyingine imevujia njiani. Gari linatoa moshi mweusi, linakunywa mafuta, na turbo inazunguka kupita kiasi ikijaribu kufidia.

Plagi nazo: gari likimisi (silinda ikikosa kuwaka) pale tu unapokanyaga sana, kwenye mizunguko 4,000 hivi, shuku nafasi ya plagi kabla ya kununua koili. Presha ndani ya silinda ikipanda, cheche hushindwa kuruka nafasi pana. Kwa injini iliyoongezwa bosti, milimita 0.7 inafaa, pima kwa geji yake, usikadirie kwa jicho. Kwa plagi za chapa ya NGK, namba kubwa ni plagi ya baridi zaidi, yaani inayotoa joto haraka, kwa hiyo kutoka 6 kwenda 7 ni hatua moja, na inatosha.

Filta ya hewa baki na ya karatasi ndani ya boksi lake. Ile ya koni iliyo wazi inavuta hewa ya moto iliyo chini ya boneti, na ya kupaka oili ikilowa sana inachafua sensa ya hewa. Kwa vumbi la barabara za Sengerema, karatasi safi inashinda.

Namba 2: rimapu

Kwa injini nzima isiyovuja, hakuna kifaa kinachotoa nguvu nyingi kwa bei yake kama kupanga upya kompyuta. Injini za turbo za petroli mara nyingi hupata asilimia 20 hadi 30. Golf 7 GTI iliyotoka kiwandani na nguvu za farasi 220 inaweza kufika karibu 290 bila kubadilishwa chuma chochote. EJ20 ya zamani, injini ya Subaru hizi, usiitegemee hivyo. Iliyotembea sana ipe lengo la chini.

Hapa unanunua fundi, programu ni ya pili. Muulize: utafunga sensa pana ya oksijeni, ile inayopima uwiano wa hewa na mafuta? Utanionyesha rekodi ya kugonga, yaani mafuta kulipuka ovyo ndani ya silinda? Nitabaki na faili la awali? Akisita kwenye lolote, ondoka. Gari likiwa limekanyagwa mpaka mwisho, uwiano unaotakiwa ni hewa 11 hadi 11.8 kwa mafuta 1. Na lipangwe kwa petroli unayojaza wewe. Magari haya ya Japani yalitengenezwa kwa petroli yao ya daraja la juu, ambayo huuzwa kwa oktani (kipimo cha petroli kuhimili kugonga) 100 au karibu yake. Faili lililopangwa kwa mafuta hayo, likipakiwa huku bila kubadilishwa, litaifanya injini igonge. Mlio wake ni kama changarawe kwenye kopo. Ukiendelea kuukanyagia, kipande cha pistoni kati ya ringi na ringi kinakatika, presha inashuka chini, na oili inaanza kutoka kwenye mpira wa kupumulia.

Namba 3: intakula

Kwa jua letu, hii inakaribia kuipiku rimapu. Hewa ikishuka kutoka nyuzi 80 hadi 50, uzito wake unaongezeka kama asilimia 9, na hatari ya kugonga inapungua hapo hapo. Intakula ya Forester imelala juu ya injini, hivyo dakika kumi za foleni Buzuruga zinaichemsha yote. Kabla ya kununua kubwa, angalia sponji inayoziba kati ya tundu la boneti na intakula. Ikiwa imeoza, upepo unapita pembeni. Kuiziba ni kazi ya saa moja.

Ukinunua ya mtumba, ichungulie ndani. Ikiwa turbo ya gari lile ilisambaratika, vipande vya chuma vimejificha humo na vitaingia kwenye injini yako. Ioshe kwa petroli mpaka itoke safi, kisha ikauke kabisa.

Namba 4: daunpaipu

Bomba la milimita 76 baada ya turbo linaifanya iamke mapema. Usilifunge kabla ya kupanga rimapu: moshi ukipita kirahisi, tundu dogo la westigeti (valvu inayopitisha moshi pembeni ya turbo) linashindwa kuupunguza na bosti inapanda yenyewe. Masega ya kusafisha moshi ndani ya ekzosi yakiziba, kwa upande mwingine, huiba nguvu nyingi kimyakimya.

Pampu ya mafuta ya lita 255 kwa saa na nozeli (vipulizia mafuta) kubwa zinunue pale tu rekodi inapoonyesha nozeli zinafunguka zaidi ya asilimia 85 ya muda. Pampu feki ni nyingi. Ipime kwa geji ya presha kabla ya kuificha kwenye tangi.

Usinunue

Kichomeko cha "chip" kwenye soketi ya kupimia, feni ya umeme ya kwenye bomba la hewa, na kidhibiti cha bosti cha mkono bila rimapu. Cha mwisho kinaongeza nguvu kweli, ndiyo maana kinaua injini nyingi.

Hilux na Prado zenye injini ya dizeli ya 1KD: kabla ya rimapu, badilisha washa za shaba za nozeli na ufungue sampu (bakuli la oili chini ya injini) uone chujio la oili. Washa zikivuja, masizi huziba chujio na turbo inakosa oili.

Namba 5: turbo kubwa

Inakuja mwisho kwa sababu inadai yote yaliyotangulia, pamoja na klachi. Ya mtumba, shika shafti: ikisogea mbele na nyuma, iache. Mchezo mdogo wa pembeni unakubalika mradi mabawa hayagusi ukuta. Kwenye Subaru nyingi zenye AVCS (mfumo wa kubadilisha muda wa valvu) kuna kichujio kidogo ndani ya boliti la bomba la oili. Kikaguliwe siku hiyo hiyo. Mimina oili safi kwenye tundu la turbo, chomoa soketi ya nozeli, piga stata kwa sekunde 10 mara tatu mpaka taa ya oili izime, ndipo uwashe.