A+, Network+, CCNA au MD-102? Tathmini ya vyeti vya mwanzo kwa fundi wa msaada wa kompyuta

Anayeanza kazi ya msaada wa kompyuta huoneshwa vyeti vingi kuliko muda na fedha alizo nazo. Hapa tumepima vile vinavyotajwa sana kwenye matangazo ya kazi za ngazi ya kwanza, na kipimo ni kimoja: ukishakisomea, utaweza kutatua tiketi zipi (maombi ya msaada ya watumiaji) ambazo hapo awali zilikushinda? Kwa kipimo hicho, asiye na uzoefu wowote aanze na A+, cheti cha msingi cha shirika la CompTIA, na aliyekwisha kukaa mwaka mzima kwenye dawati la msaada airuke. Baada ya hapo achague njia moja, mitandao au Windows, aache kukusanya vyeti vinavyofundisha mambo yaleyale.

A+ ya CompTIA ina mitihani miwili, nayo ndiyo sababu ya kwanza ya watu kukosea hesabu. Toleo la sasa ni 220-1201 na 220-1202, lililoanza Machi 2025. Lile la 220-1101 na 220-1102 lilifungwa Septemba mwaka huohuo, lakini vitabu na video zake bado zimejaa kila mahali, na aliyefaulu 1101 hawezi kuunganisha na 1202 akapewa cheti. Kabla ya kununua kitabu, soma namba iliyo kwenye jalada.

Kila mtihani una maswali yasiyozidi 90 kwa dakika 90. Alama ya kufaulu ni 675 kwa wa kwanza na 700 kwa wa pili, kwenye kipimo cha 100 hadi 900. Wa kwanza unahusu vifaa, mitandao na simu, na sehemu nzito kuliko zote ni utatuzi wa matatizo ya vifaa na mtandao, asilimia 28. Wa pili unahusu mifumo endeshi, usalama, utatuzi wa programu na taratibu za kazi. Maswali ya vitendo, yale ya kuburuta kebo hadi mahali pake au kusanidi ruta ya kuigiza, kwa kawaida huja mwanzoni, na hapo ndipo wengi wanapopoteza muda. Mtu hukaa dakika 25 kwenye maswali manne, kisha anabaki na zaidi ya 70 ya kujibu kwa pupa. Yawekee alama, yapite, uyarudie baada ya kumaliza yale ya kuchagua jibu.

Faida kubwa ya A+ ni nidhamu ya utatuzi: tambua tatizo, weka dhana ya chanzo, ijaribu dhana hiyo, panga hatua na uzitekeleze, hakikisha mfumo wote unafanya kazi, andika ulichofanya. Kwenye karatasi ni hatua sita za kawaida sana. Kazini ndizo zinazomtofautisha fundi anayebadilisha RAM kwa kubahatisha na yule anayeona anwani ya mtandao inayoanza na 169.254 kwenye kompyuta akajua papo hapo kwamba haijapata jibu kutoka DHCP, huduma inayozigawia kompyuta anwani za mtandao, kwa hiyo tatizo ni kebo, swichi au seva ya DHCP, na hakuna haja ya kugusa kivinjari cha mtumiaji. Somo la printa za leza nalo lina thamani kuliko linavyoonekana. Ukijua kwamba wino wa unga hugandishwa kwenye karatasi na kifaa cha joto mwishoni mwa safari, maandishi yanayofutika kwa kidole yanakuelekeza moja kwa moja kwenye kifaa hicho.

Udhaifu wake ni kwamba unagusa kila kitu kwa juujuu. Kazi inayojaza siku ya fundi wa ngazi ya kwanza ni akaunti zilizofungwa, nywila zilizosahaulika, vikundi vya ruhusa na folda za pamoja zisizofunguka, na yote hayo A+ inayapitia kwa haraka mno. Pengo hilo halizibwi na cheti kingine. Linazibwa na maabara ya nyumbani, na kwa maoni yetu A+ bila maabara ni nusu ya bidhaa.

Maabara yenyewe haihitaji seva. Kompyuta yenye RAM ya GB 16 na nafasi ya GB 150 kwenye SSD inatosha. Ingia kwenye BIOS, mipangilio inayofunguka kabla ya Windows, uwashe uwezo wa prosesa wa kuendesha mashine pepe (kompyuta za kuigiza ndani ya kompyuta yako), maana ukiwa umezimwa mashine hazitawaka au zitakuwa nzito kupita kiasi. Sakinisha VirtualBox, programu ya kuendesha mashine hizo, toleo la 7 au jipya zaidi, kwa sababu Windows 11 inadai TPM 2.0, chipu ya usalama, na matoleo hayo yana TPM ya kuigiza. Microsoft hutoa Windows Server ya majaribio ya siku 180 na Windows 11 Enterprise ya siku 90, zote bila malipo. Ipe kila moja RAM ya GB 4, na Windows 11 uitengee diski ya GB 64. Jenga domeini, yaani kundi la kompyuta na akaunti zinazosimamiwa na seva, tengeneza watumiaji kumi na vikundi vitatu, weka folda ya pamoja, kisha tumia Group Policy, zana ya kusambaza mipangilio kwenye domeini, kumpa kila mtumiaji diski ya mtandao kulingana na kikundi chake.

Itakwama, na kukwama huko ndiko kunakofundisha. Kwanza, mashine mbili hazitaonana, kwa kuwa mpangilio wa kawaida wa mtandao kwenye VirtualBox, uitwao NAT, hutenga kila mashine kivyake. Ziweke zote kwenye NAT Network moja. Pili, kompyuta itakataa kujiunga na domeini ikisema haiioni. Mara nyingi chanzo ni DNS, huduma inayotafuta anwani za majina ya mtandao, iliyoelekezwa kwenye ruta au kwenye 8.8.8.8 ya Google, mahali ambapo domeini yako haijulikani. Ielekeze kwenye anwani ya seva yako. Tatu, utamwongeza mtumiaji kwenye kikundi na folda ikaendelea kumkatalia, kwa sababu orodha ya vikundi vyake husomwa anapoingia, hivyo inabidi atoke na aingie upya. Nne, utampa ruhusa kamili kwenye folda na bado ashindwe kuandika. Ruhusa za kushiriki na ruhusa za NTFS (za faili zenyewe kwenye diski) hupimwa pamoja kwa anayeingia kupitia mtandao, na iliyo kali zaidi ndiyo inayoshinda. Saa nazo zikipishana kwa zaidi ya dakika tano kati ya seva na kompyuta, Kerberos, mfumo wa domeini wa kuhakiki watumiaji, itakataa kumwingiza mtu hata kama nywila ni sahihi. Aliyetatua haya matano kwa mikono yake ana majibu ya kweli ya kutoa kwenye usaili.

Kozi za Google za IT Support zilizoko Coursera tangu 2018 ni nyenzo nzuri ya kujifunzia. Maelezo yake ya DNS na DHCP ni miongoni mwa yaliyo wazi zaidi kwa anayeanza, na zinafundisha Linux na Windows bega kwa bega. Ila tathmini zake hazina msimamizi, na waajiri wanalijua hilo. Zisome kama maandalizi ya A+, usiziweke kama mwisho wa safari.

Njia ya mitandao ina swali moja tu la kweli: Network+ au CCNA? Network+ ya sasa, nayo ya CompTIA, ni N10-009, maswali hadi 90 kwa dakika 90, alama ya kufaulu 720. Haijafungwa kwa kampuni moja, na inamfaa anayetaka kuelewa mitandao ili awe fundi bora wa dawati. CCNA, cheti cha kampuni ya vifaa vya mtandao ya Cisco, mtihani 200-301, huchukua dakika 120, inadai uandike amri za Cisco na uelewe kwa nini pakiti inapita huku na si kule. Ni ngumu zaidi kwa mbali, na kwenye mtihani wake ukishalipita swali hulirudii. Kama lengo lako ni kuwa mhandisi wa mitandao, nenda CCNA moja kwa moja. Kufanya vyote viwili ni kulipia mara mbili sehemu kubwa ya mada zilezile.

Kwa vyovyote vile, kugawa mtandao ni stadi ya kukaa nayo hadi iwe kama kuhesabu vidole. Chukua 192.168.10.77/26: kati ya biti 32 za anwani zinabaki 6 za vifaa, hivyo mafungu ni ya anwani 64, kwa hiyo mtandao ni 192.168.10.64, anwani ya kutangazia ni 192.168.10.127, na katikati kuna anwani 62 za kutumia. Ukihitaji zaidi ya nusu dakika kufika hapo, bado. Packet Tracer, programu ya Cisco ya kuigiza mitandao, inapatikana bila malipo, na makosa utakayoyafanya humo ndiyo yanayofanywa kazini: kusahau amri ya no shutdown inayowasha poti ya ruta, kusahau kuruhusu VLAN mpya (mtandao pepe ndani ya swichi) kupita kwenye kiungo kati ya swichi mbili, na kutohifadhi mpangilio kwenye startup-config hadi umeme ukatike na kazi yote ipotee.

Njia ya Windows ni MD-102 ya Microsoft, iliyochukua nafasi ya MD-100 na MD-101 mwaka 2023. Inahusu kusimamia kompyuta na simu za ofisi kwa Intune (usimamizi wa vifaa), Entra ID (akaunti) na Autopilot (kuandaa kompyuta mpya), na kwa ofisi iliyohamia Microsoft 365 hiki ndicho cheti kilicho karibu zaidi na kazi halisi. Kinadumu mwaka mmoja, lakini kukihuisha ni bure kwa mtihani mfupi wa mtandaoni unaofunguka miezi sita kabla ya mwisho. Ukipitisha tarehe, unaanza upya kwa kulipa. AZ-900, cheti cha msingi cha klaudi ya Microsoft, haiishi muda na inafaa kujifunza msamiati wa klaudi, ila peke yake haimwoneshi mwajiri kwamba unaweza kutatua chochote.

ITIL 4 Foundation, cheti cha taratibu za kuendesha huduma za TEHAMA, ni maswali 40 kwa dakika 60, ukipata 26 umefaulu, na anayeufanya kwa lugha isiyo yake huongezewa dakika 15. Ni nadharia tupu. Kuifahamu tofauti ya tukio (hitilafu iliyotokea) na tatizo (chanzo chake) kunasaidia kwenye ofisi kubwa, basi subiri mwajiri akulipie.

Security+ ya CompTIA, mtihani wa usalama SY0-701, alama ya kufaulu 750, ni cheti kizuri kinachofanywa mapema mno. Ukiifanya mwaka wa pili au wa tatu ina faida isiyotajwa sana: vyeti vya CompTIA hudumu miaka mitatu, na kufaulu Security+ huhuisha A+ na Network+ ulizo nazo kwa pamoja. Bila hivyo utakusanya pointi 20 za mafunzo kwa A+ au 30 kwa Network+.

Kabla ya kulipia chochote, fungua matangazo 30 ya kazi unayoweza kuomba leo na uhesabu mifumo inayotajwa badala ya majina ya vyeti: Active Directory (mfumo wa domeini wa Microsoft), Intune, Cisco, Linux. Mfumo unaorudi zaidi ndio unaokuchagulia. Kisha pakua orodha rasmi ya mada za mtihani, ambayo ni bure, na kila mstari uweke alama moja kati ya tatu: naweza kufanya, naweza kueleza, sijui. Panga siku ya mtihani pale "sijui" zitakapokuwa zimeisha kabisa.

Madesa ya maswali yaliyoibwa yakae mbali nawe. Wenye mitihani hufuta vyeti na kuwafungia waliohusika. Kuhusu kurudia, CompTIA haikusubirishi kati ya jaribio la kwanza na la pili, lakini kabla ya la tatu lazima zipite siku 14, na kila mara unalipa bei kamili.

Ukiweza kufika kituo cha mitihani, nenda kituoni. Mtihani wa nyumbani unaweza kusitishwa kwa sababu mtu amefungua mlango, umesoma swali kwa sauti, au kamera imekatika. Ukilazimika kuufanya nyumbani, usitumie laptopu ya ofisi, kwa kuwa VPN na programu za ulinzi za mwajiri huzuia programu ya msimamizi. Endesha jaribio la mfumo kwenye kompyuta ileile na mtandao uleule siku moja kabla, chomeka kebo ya mtandao badala ya Wi-Fi, ondoa skrini ya pili na karatasi zote mezani, na ingia dakika 30 kabla ya saa.