Untrunc ilivyonirudishia video ya ajali kutoka kamera ya gari

Naandikia madereva wenzangu wa teksi hapa Nairobi, na yeyote mwenye kamera kwenye dashibodi. Video nyingi za ajali hazipotei wakati wa ajali. Zinapotea baadaye, kadi ikishafika mikononi mwa mtu mwenye haraka.

Programu ninayoisifu inaitwa untrunc. Ni ya bure, ilianzishwa na Federico Ponchio, na msimbo wake uko wazi kwa kila mtu. Mimi nilitumia toleo lililoendelezwa baadaye na anthwlock, ambalo kwenye Windows lina kidirisha cha kubonyeza, kwa hiyo asiyezoea kuandika amri hatapotea.

Pikapu ilinikatia njia kwenye raundabauti ya City Stadium, ikanigonga ubavuni. Kishindo kikang'oa plagi ya kamera kwenye tundu la kuchajia na kamera ikazima papo hapo. Dereva wa pikapu alishuka akisema ni mimi niliyehama leni. Neno lake na langu, basi. Kwa anayelisha familia kwa gari hilo, video ndiyo shahidi pekee.

Jioni kadi ilisomeka vizuri kwenye laptopu na faili za mchana kutwa zikacheza. Ile ya mwisho, niliyoihitaji, ilikuwa na ukubwa wa kawaida kabisa, lakini VLC, programu ya kuchezea video, haikutoa picha wala sauti. Kesho yake fundi mmoja mjini aliitazama kidogo tu, akaniambia, "Mkubwa, hii imekufa. Wacha niifomati ndio uendelee na kazi." Nilimshukuru nikarudi na kadi yangu. Ushauri huo unatolewa kila siku na unawanyima watu haki yao, maana faili yenye ukubwa wake kamili mara nyingi haijafa.

Kamera nyingi za gari huhifadhi video kwa muundo wa MP4, na MP4 ina sehemu kuu mbili. Moja inaitwa mdat, nayo ndiyo picha na sauti zenyewe. Nyingine inaitwa moov: ndiyo inayosema kila fremu inaanzia wapi, ina ukubwa gani, ionyeshwe saa ngapi, na picha zilibanwa kwa mipangilio ipi. Kwa kawaida kamera huiandika moov mwishoni, inapofunga faili. Umeme ukikatika kabla ya hapo, mdat inabaki kwenye kadi bila moov. Ni kama mizigo iliyoshushwa kituo cha mabasi cha Machakos Country Bus yote kamili, lakini karatasi ya majina imepotea: hakuna anayejua kipi ni cha nani. Ukiifungua faili ya namna hiyo kwa ffmpeg, programu ya bure ya kushughulikia video, inakwambia wazi kwamba moov haikupatikana. Ujumbe huo ulinipa moyo kuliko kitu kingine chochote siku ile, kwa sababu ulionyesha ugonjwa wenye dawa.

Untrunc hufanya kazi kwa kuazima. Unaipa faili mbili: moja nzima kutoka kamera ileile, na ile mbovu. Kutoka kwenye nzima inajifunza mipangilio ya picha na sauti, kisha inapita ndani ya mdat ya mbovu ikitambua fremu moja baada ya nyingine, na kutengeneza moov mpya. Kwa hiyo mfano, yaani ile faili nzima, ndio kila kitu. Lazima uwe umerekodiwa kwa mipangilio ileile: ukubwa wa picha, idadi ya fremu kwa sekunde, na sauti ikiwa imewashwa au imezimwa vilevile. Kama kamera yako ina lenzi ya mbele na ya nyuma, chukua mfano wa lenzi husika. Mchana au usiku haijalishi. Mimi nilitumia faili ya dakika chache kabla ya ajali, nikiwa bado naingia Barabara ya Jogoo, na ikakubali.

Lakini kabla ya kugusa chochote, nakili kadi nzima. Si kuburuta faili tu kwenye folda. Ninasema nakala ya kadi yote, hadi sehemu zinazoonekana tupu. Kwenye Linux kuna programu ya kunakili iitwayo ddrescue, nayo ni ya bure. Kadi ya gigabaiti 64 inataka nafasi ya gigabaiti 64 kwenye kompyuta, na inahitaji subira. Adapta ya kadi ina kiswichi kidogo ubavuni. Kisukume upande wa kufunga ili kompyuta isiandike kitu kwenye kadi. Windows ikikuuliza kama unataka kufomati, kataa. Ikijitolea kurekebisha makosa ya diski, kataa pia mpaka uwe na nakala, kwa sababu chkdsk, programu ya Windows inayofanya marekebisho hayo, inaweza kuzihamisha data zako kwenye faili zenye majina ya ajabu yanayoishia na CHK. Na usiirudishe kadi kwenye kamera hata kidogo. Kamera hizi hurekodi kwa mzunguko: nafasi ikiisha, zinafuta za zamani na kuandika juu yake. Kihisi cha mshtuko hufunga faili ya ajali isifutwe, lakini faili ambayo haikufungwa vizuri huenda isipate ulinzi huo.

Sasa matokeo. Faili mpya ilitoka ikiwa na "_fixed" kwenye jina lake, na ilipofunguka nilisimama kitini. Pikapu inaonekana leni ya kushoto kwangu, tairi lake la mbele linakanyaga mstari, hakuna indiketa, kisha bodi yake inaanza kujaza upande wa kushoto wa picha. Mimi niko katikati ya leni yangu. Halafu video inakatika. Kishindo chenyewe hakimo.

Hilo lazima lisemwe bila kuficha. Kamera huweka sekunde za mwisho kwenye kumbukumbu yake ya muda kabla ya kuziandika kwenye kadi, na umeme ukikatika zinapotea moja kwa moja. Hakuna programu ya kurudisha kisichofika kwenye kadi, na anayekuahidi hivyo anakudanganya. Sauti nayo iliachana na picha kidogo kuelekea mwisho. Kwangu si kitu. Mstari wa leni unaonekana.

Kabla ya untrunc nilijaribu programu moja ya kulipia. Ilinionyesha kipande kidogo cha video kisha ikataka pesa ili kuhifadhi. Zipo pia huduma za kupakia faili mtandaoni zikakurekebishia, nazo nilizikwepa kwa makusudi: kamera yangu inarekodi hadi ndani ya gari, na nyuso na mazungumzo ya abiria si mali yangu ya kugawa. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inatuhusu hata sisi wenye gari moja.

Untrunc haifai kila mahali. Faili ikionyesha ukubwa wa sifuri, picha huenda bado zipo kwenye kadi ila orodha ya faili haizijui. Hapo anza na PhotoRec, pia ya bure, inayosoma kadi moja kwa moja bila kutegemea orodha hiyo. Kwa kamera za lenzi mbili kazi hiyo ya PhotoRec ni ngumu, kwa kuwa vipande vya mbele na vya nyuma huandikwa kwenye kadi vikipishana. Na kadi ghushi, zile zinazojitangaza gigabaiti 128 na ndani hazifiki, video iliyozidi ukubwa wake halisi haina uokoaji. Kadi mpya ipime kwa programu ya H2testw au F3 kabla haijaingia garini.

Kwa upande wa bima na mahakama, tunza kadi yenyewe pamoja na faili mbovu. Faili iliyorekebishwa ni mpya, na mtu ana haki ya kuuliza ilitoka wapi. Kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi kinataka cheti kwa ushahidi wa kielektroniki, kinachoeleza ulivyotolewa na kifaa kilichotumika, kikiwa na sahihi ya mhusika. Mimi niliandika kila hatua kwenye karatasi, nikampa wakala wa bima pamoja na abstrakti ya polisi. Dai bado linashughulikiwa, ila madai kwamba mimi ndiye niliyehama leni hayajarudiwa tena.

Ninaipa untrunc alama tisa kwa kumi. Moja naikata kwa maelekezo yake, yaliyoandikwa kwa wajuzi. Ukinunua kamera nyingine tafuta yenye kapasita (kifaa kidogo cha kutunza umeme) badala ya betri: umeme ukikatika, inabaki na nguvu ya kutosha kufunga faili, na haivimbi kama betri gari likishinda juani. Leo hii rekodi faili moja fupi, ihakikishe inacheza, na uihifadhi nje ya kadi iwe mfano wako wa kumpa untrunc siku ya ajali. Ukibadilisha mipangilio ya kamera, rekodi nyingine.