Sailensa niliyochagua kwa .308 yangu ya kuwindia elgi

Nawinda elgi, yule mnyama mkubwa kuliko wote wa jamii ya kulungu, katika misitu ya Innlandet, Norway. Bunduki yangu inatumia risasi za .308 Winchester. Huku sailensa, yaani kipunguza mlio kinachofungwa mdomoni mwa mtutu, hununuliwa dukani bila kibali chake. Kibali cha polisi ni cha bunduki yenyewe. Sailensa zimejaa rafuni za kila namna, na kila muuzaji anatanguliza desibeli, kipimo cha ukali wa sauti. Mimi desibeli naziangalia mwisho.

.308 isiyo na sailensa hulia kwa desibeli 160 na zaidi. Sailensa nzuri hupunguza 25 hadi 30, na hapo umefika karibu na 140 au chini yake, kiwango ambacho mlio mmoja ukikizidi unaweza kuumiza sikio moja kwa moja. Kubeba chuma kizito zaidi ili upate desibeli mbili za ziada, sioni faida yake. Ukimya pia usiutarajie. Risasi hutoka kwa mwendo wa zaidi ya mita 800 kwa sekunde, na sauti husafiri kama mita 340 tu, kwa hiyo ule mpasuko wa risasi ikikata hewa unabaki palepale. Bado navaa vikinga masikio. Furaha yangu kubwa ni mbwa wangu, anayefungwa kamba na kukaa karibu na miguu yangu ninapopiga, maana yeye hana cha kuvaa.

Nilichukua JD224 ya Hausken, ambayo sehemu yake inarudi nyuma juu ya mtutu. Urefu unaoongezeka mbele ni mdogo, na bunduki haielemei mdomoni. Kwenye vichaka vya misonobari hilo nalihisi kila hatua. Kabla ya kununua aina hii, mpelekee fundi bunduki apime unene wa mtutu na kuangalia kama hesi, zile nyuzi za kufungia sailensa mdomoni, imechongwa sawasawa na tundu la ndani ya mtutu. Hesi ikienda upande, risasi itagusa kuta za ndani za sailensa.

Kilichonishangaza ni teke la bunduki begani. Limepungua kiasi kwamba baada ya kupiga bado namwona mnyama ndani ya darubini: amejikunja, ameruka, amekimbilia wapi. Kwa mwindaji anayetaka mnyama asiteseke, hiyo ni habari ya thamani kuliko namba yoyote ya kwenye boksi.

Kero ipo. Nikipiga mfululizo uwanjani sailensa inashika joto, na hewa yake ya moto inachezesha picha kwenye darubini. Pia hukusanya unyevu, kwa hiyo jioni naifungua na kuikausha mbali na bunduki, la sivyo mtutu utashika kutu.

Ukiifunga tena, ikaze mpaka mwisho na upime upya kama risasi inapiga pale darubini inapolenga. Bunduki yangu hupiga chini kidogo ikiwa nayo. Mazoezi na jaribio la shabaha la kila mwaka yafanye nayo, kabla ya tarehe 25 Septemba, msimu wa elgi unapofunguliwa.